Kuyafuata maji hadi Songea

Jumamosi, 21 Februari 2026 – Dar es Salaam

Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe, nimeipita maisha yangu yote. Leo ndiyo siku ya kwanza nimesimama kuisoma. Waingereza waliizindua mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Maneno yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Wapagazi wameitwa miguu na mikono ya jeshi, na mwishoni kuna ahadi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nikaizunguka mara mbili nikitafuta jina. Sikuliona hata moja.

Kabla ya huyu askari, mahali hapo alisimama Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeizima vita ya Abushiri huku pwani na baadaye akawa gavana. Sanamu yake iliwekwa na Wajerumani, naye akiwa juu na askari Mwafrika chini akimtazama. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa. Iliishia Hamburg, ikasimamishwa tena mwaka 1922, mpaka wanafunzi wa chuo kikuu cha huko walipoiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa na jina kubwa lililochongwa, yule.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Kila mwaka niliandika ubaoni "27 Februari 1906, Songea", wanafunzi wakanakili, tukaendelea na mada nyingine, na Songea yenyewe sikuwahi kuikanyaga. Halafu bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmatumbi. Alizaliwa baada ya Vita vya Maji Maji, vita vya watu wa kusini dhidi ya Wajerumani, lakini vita hivyo viliishi mikononi mwake: akipepeta mtama, punje ikiruka nje ya ungo huinama na kuiokota, moja moja, hata kama uani pana giza. Ukimwambia "Bibi, acha, ni punje moja tu," hakujibu. Aliendelea kupapasa mchanga.

Kwa hiyo nimeamua kwenda Songea kwa njia ya kusini, ile ile iliyopitwa na maji ya Kinjikitile. Nataka kufika tarehe 27 yenyewe, siku ya kuwakumbuka wapiganaji wa Maji Maji waliotundikwa huko na Wajerumani, miaka 120 kamili.

Jumapili, 22 Februari – Mbagala hadi Kilwa Kivinje

Basi limetoka Mbagala saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha mto Rufiji. Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970, na kabla halijafunguliwa mwaka 2003 watu walivuka hapa kwa pantoni, mvua ikizidi wanalala ng'ambo. Maji leo ni ya rangi ya chai ya maziwa, yamejaa hadi kwenye matete. Nimebandika uso dirishani kama mtoto.

Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, ndani huko magharibi, karibu na lilipo pori la hifadhi sasa. Wazee waliosimulia walisema kwamba mwaka 1904 pepo aitwaye Hongo alimchukua, akajitosa kwenye lindi la mto mbele ya watu, akakaa humo hadi kesho yake, akatoka na nguo kavu. Tangu hapo watu wakamiminika kwake kutoka kila upande. Aliwapa dawa ya maji, pamoja na mbegu za nafaka, akiwaambia kwamba risasi za Mzungu zitageuka maji.

Darasani sikuzote kulikuwa na mwanafunzi wa kucheka hapo. Nami sikuzote nilimwuliza: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni, watu waliokuwa na lugha zao, machifu wao na visasi vyao wenyewe kwa wenyewe, ni kitu gani kingewatia katika vita moja ndani ya miezi miwili, bila barua wala simu? Kilichoenda kilikuwa chupa ya maji na mnong'ono. Kama risasi hazikugeuka maji, basi watu walikwisha kugeuka kitu kimoja, na hilo ndilo lililomshtua gavana Götzen.

Njia ya kuingia Mohoro tumeipita upesi mno, dereva hakupunguza hata mwendo. Mohoro ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vina wiki mbili tu. Inasimuliwa kwamba kabla ya kitanzi aliwaambia wamechelewa, dawa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Mwishoni mwa mwezi huo huo boma la Mahenge lilishambuliwa kweli.

Somanga tukasimama. Mwezi wa Ramadhani ndio kwanza umeandama, kwa hiyo wauza samaki wa kukaanga walikuwa wachache, wamekaa kivulini na masinia yaliyofunikwa. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini nimeona haya kutafuna mbele yao. Nikavumilia hadi Kivinje, nikafuturu kwenye baraza ya nyumba ya wageni pamoja na mama mwenye nyumba na wajukuu zake. Uji ulikuwa na pilipili manga ya kutosha kumtoa mtu machozi, na muhogo wa nazi ukafuata. Alipojua ninakokwenda akasema, "Songea? Huko ndiko walikonyongwa wengi. Na sisi hapa tuna wetu. Kesho usiondoke hujamwona."

Jumatatu, 23 Februari – Kivinje, kisha Kipatimu

Mtu wao ni Hassan bin Omari, aliyejulikana kama Makunganya. Aliwasumbua Wajerumani katika nchi ya nyuma ya Kilwa kwa muda, wakamkamata, na Novemba 1895 wakamnyonga pamoja na wenzake kwenye mwembe. Mahali pale panaitwa Mwembe Kinyonga hadi leo. Mtoto wa darasa la tatu alinipeleka, akaonyesha kwa kidole, akarudi mbio kucheza. Jina la mahali limefanya kazi ambayo hakuna aliyeilipia: kila mtu anayemwelekeza mgeni njia hapa analazimika kutamka kwamba watu walinyongwa.

Nisijidanganye kuhusu Kivinje. Mji huu ulinenepa kwa pembe za ndovu na kwa watu waliotembezwa kwa minyororo kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na waliokuwa wakubwa wake walifaidi biashara ile. Kumkumbuka aliyempinga Mjerumani hakunifanyi nisahau waliopita hapa wakiwa bidhaa. Majina yao ndiyo magumu kuliko yote kuyapata.

Karibu na bahari lipo boma la Wajerumani, kuta nene zinazomomonyoka kwa chumvi. Upo pia mnara wa mawe wa kuwakumbuka Krieger na Hessel, maofisa wa kampuni ya Kijerumani waliouawa hapa Septemba 1888, pwani yote ilipoikataa kampuni hiyo. Wawili, na wamepewa mnara.

Saa nne nikaondoka kwa gari dogo hadi Njia Nne, na hapo nikapanda bodaboda kuelekea milima ya Matumbi. Kijana aliyenibeba alikuwa na adabu sana. Kila kwenye tope aliniambia, "Bibi, shuka kidogo tu, nivuke, upande tena." Mara ya nne hakusema, na tukalala wote wawili pembeni mwa barabara, pikipiki juu ya mguu wake. Hakuumia. Nilichosikitikia ni daftari hili, kurasa za mwanzo zimeingia matope. Tukafika Kipatimu jua likizama, nguo zimekuwa za rangi moja na ardhi.

Jumanne, 24 Februari – Nandete

Hapa ndipo ilipoanzia.

Nandete ni kijiji cha kawaida kabisa. Nyumba za udongo na za tofali, miembe, minazi michache, mashamba ya ufuta machanga ubavuni mwa kilima, na mikorosho. Ukumbusho wa vita upo, na mzee aliyenipokea alinikalisha kwanza, akanipa maji ya kunawa, ndipo akaanza. Nilimwamkia shikamoo naye akaniitikia marahaba, ingawa sidhani kama amenizidi zaidi ya miaka kumi na tano. Aliposikia bibi yangu alikuwa Mmatumbi akaacha kuniita "mgeni" akaanza kuniita "dada".

"Wewe umesoma," akaniambia. "Unajua vita ilianza kwa nini?"

Nikasema, pamba.

"Pamba ya nani?"

Hapo ndipo penye uzito. Wajerumani waliagiza kila jumbe awe na shamba la pamba na watu wake wote wakalilime kwa zamu, siku nyingi kila mwaka, katika msimu ule ule ambao mtu anatakiwa alime chakula chake. Juu yao alikaa akida aliyeletwa kutoka pwani, na juu ya akida boma, na kutoka boma hadi shambani kitu kilichofika haraka kilikuwa kiboko. Na kodi ya rupia tatu ilikuwepo tayari tangu mwaka 1898. Malipo ya msimu wa kwanza yalipotoka upande wa Dar es Salaam, kila mtu alipewa senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima. Wengi walizikataa. Nadhani kukataa kule, kurudisha senti mezani na kuondoka, kulikuwa ni tangazo ambalo hakuna aliyelisikiliza.

Julai 1905, hapa Nandete, wanaume wawili waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Walikuwa Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Baada ya hapo ngoma ikapigwa, akida wa Kibata akakimbia, na mwishoni mwa mwezi maduka ya Samanga pwani yalikuwa yanaungua.

Tunayo majina hayo kwa sababu mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuja huku wakakaa na wazee waliokuwa bado hai, wakawauliza kama nilivyoulizwa mimi leo, wakaandika walichoambiwa. Wangechelewa miaka kumi, wangekuta makaburi. Nimewafundisha watoto wengi kwamba vita "viliongozwa na Kinjikitile", lakini hawa wawili nimewataja mara chache mno. Mche wa pamba ya miezi michache hauna mizizi mirefu. Mtu anaung'oa kwa mkono mmoja. Kinachohitaji nguvu ni kuamua, mbele ya wenzako, asubuhi, ukijua boma liko wapi.

Mzee alinionyesha upande yaliko mapango. Milima hii ya mawe ya chokaa imejaa mapango, na familia ziliingia humo wakati Wajerumani walipopita. Nikamwuliza kuhusu njaa. Alinyamaza, akachukua fimbo yake akachora msitari mchangani, kisha akaufuta kwa unyayo.

"Risasi iliua siku moja. Njaa iliua miaka mitatu."

Iliamuliwa, njaa ile. Haikushuka na mvua. Oktoba 1905 kapteni mmoja wa Kijerumani, Wangenheim, aliandika kwamba kwa maoni yake ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri, na kwamba mapigano peke yake ni kama tone baharini. Basi vijiji vikachomwa, maghala yakachomwa, mazao yakakatwa yangali mabichi, mbegu zikachukuliwa. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Wanahistoria waliofuata wamefika 250,000 hadi 300,000. Upande wa pili walikufa Wazungu 15, na Waafrika 389 waliopigana chini yao. Sehemu ya nchi ya Wangindo ilibaki tupu, pori likairudia, na baadaye ikaitwa hifadhi ya wanyama.

Nilipokuwa naaga, mke wa mzee aliniletea mtama kidogo kwenye mfuko wa plastiki, "wa kuonja tu." Nikaufunga fundo mara mbili. Njia nzima kushuka Njia Nne niliushika mkononi, na usiku, Lindi, nimeuweka juu ya meza ninapoandika. Sasa najua bibi alikuwa akiokota nini.

Jumatano, 25 Februari – Lindi hadi Masasi

Asubuhi nimetembea ufukweni mwa Lindi. Hapa, kati ya mwaka 1909 na 1913, ilishushwa mifupa ya mijusi mikubwa ya kale iliyochimbwa Tendaguru. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa za mwendo kila safari, kisha zikapakiwa melini kwenda Berlin, ambako mmoja wa mijusi hao anasimama hadi leo, mrefu kuliko ghorofa tatu. Vitabu vingi husifu ugunduzi huo, na ni ajabu kweli ya ulimwengu. Ila tazama tarehe. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu. Waliobeba mifupa ile walikuwa watu waliotoka kwenye njaa.

Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda. Nyangao na Lukuledi ni misheni zilizochomwa mwaka 1905, na Ndanda ilianzishwa mwaka uliofuata badala yake. Askofu Cassian Spiss aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 huko Liwale akiwa safarini kwenda Peramiho, pamoja na watawa aliofuatana nao. Hawa nao ni wafu wa vita ile, na Kanisa limewakumbuka vizuri kwa majina. Nimesali kimoyomoyo kwa ajili ya wote nilipopita. Moyo wangu hauna shida na hilo.

Kwenye basi nilikaa na kijana anayefanya kazi ya uhasibu Mtwara. Aliniuliza kwa nini nisiende tu kwenye sherehe za Desemba, ambazo zina gwaride na ndege. Nikamwambia 9 Desemba 1961 naipenda kwa moyo wote. Baba yangu alikuwa Uwanja wa Taifa usiku ule bendera ya Mwingereza iliposhushwa, na hadi anakufa alikuwa akisimulia taa zilivyozimwa, zikawashwa, na juu pana kijani, nyeusi na dhahabu. Lakini Desemba ile ilitanguliwa na woga wa Februari. Nyerere na wenzake wa TANU walipoanza kuzunguka kusini baada ya 7 Julai 1954, wazee waliwasikiliza kwa hofu: mara ya mwisho tulipomkataa Mzungu, mlikuwa wapi ninyi, na nani alitulisha? Nyerere mwenyewe aliipeleka Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, akieleza kwamba watu walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala, na kwamba kazi ya TANU haikuwa kuwapa watu roho ya kupinga, roho hiyo ilikuwepo, bali kuwaonyesha njia isiyo ya damu.

Aliyekuwa na miaka kumi siku wale walipotundikwa Songea alikuwa na miaka sitini na tano siku ya uhuru. Ni umri wangu wa sasa. Kijana alihesabu kwenye simu yake kuhakikisha, kisha akakaa kimya hadi Masasi.

Alhamisi, 26 Februari – Masasi hadi Songea

Safari ndefu kuliko zote. Tumeondoka kabla ya alfajiri, tukapita Tunduru saa tano hivi, na kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 250 za miombo mibichi, ukungu, madaraja, na tumbili waliokaa kando ya lami kama wanangoja usafiri. Nina mengi ya kusema kuhusu mgongo wangu lakini hayana faida.

Tarehe yenyewe ndiyo iliyonishughulisha. Leo ni 26 Februari. Siku kama hii mwaka 1885, mjini Berlin, wajumbe wa mataifa waliokuwa wakikutana tangu 15 Novemba 1884 walitia saini mkataba wa kugawana Afrika. Hakukuwa na Mwafrika mezani. Hilo kila mwanafunzi analijua. Ambalo nilikuwa silioni, hadi nilipopanga safari hii na kuziweka tarehe mstari mmoja, ni la kesho yake. Tarehe 27 Februari 1885, Kaiser Wilhelm wa Kwanza alimpa Carl Peters na chama chake hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, nchi ambazo Peters alizikusanya kwa karatasi za misalaba ndani ya wiki chache. Hati hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha koloni la Kijerumani huku kwetu.

27 Februari 1885, hati. 27 Februari 1906, vitanzi. Miaka ishirini na moja juu ya alama.

Sidhani kama waliopanga kunyonga walikuwa na kalenda hiyo mkononi. Lakini nimeifundisha tarehe ya pili kwa miaka thelathini bila kuiona ya kwanza imekaa chini yake. Nilifunga daftari nikatazama nje kwa muda mrefu. Na wiki hii hii Waethiopia wanajiandaa kwa Adwa, 1 Machi 1896, pale Menelik wa Pili na mkewe Taytu walipolivunja jeshi la Italia. Kalenda ya bara hili ina msongamano mkubwa katika siku hizi chache, furaha na msiba vimekaa kiti kimoja.

Namtumbo mvua imetukuta. Upande huu ni nchi ya Mkomanile, kiongozi mwanamke wa Kitanda. Omari Kinjala alipoyaleta maji kutoka Ungindo, Mkomanile ndiye aliyempokea na kumsaidia kuyaeneza Ungoni. Alinyongwa na wanaume, mwanamke peke yake. Abiria mwenzangu, mama aliyebeba kuku wawili kwenye tenga, aliposikia ninalitaja jina hilo akageuka: "Huyo ni wa kwetu!" Akasema kwa sauti ya mtu anayemtaja shangazi.

Songea tumeingia usiku. Baridi, na harufu ya udongo uliolowa.

Ijumaa, 27 Februari – Songea

Nimeamka saa kumi na moja. Niliposhuka eneo la Mahenge la hapa hapa Songea, yaliko Makumbusho ya Maji Maji, watu walikuwa wameanza kujaa: wanafunzi waliovaa sare, wanajeshi, wazee wenye migolole, machifu na mavazi ya ngozi, mikuki na ngao. Ngoma ya lizombe ilikuwa imeanza upande wa pili wa uzio, na miguu ya wachezaji ilipiga ardhi kwa pamoja kiasi kwamba niliisikia kwenye soli za viatu kabla sijaisikia masikioni. Zikawekwa silaha za jadi na mashada. Zikasomwa dua, ya Kiislamu na ya Kikristo. Hotuba zilikuwa ndefu.

Nitasimulia makaburi.

Moja ni kubwa, la pamoja. Humo walitiwa wale walionyongwa siku hiyo, akiwemo Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni. Wajerumani waliwakusanya waliojisalimisha na waliokamatwa, mapadri wakaruhusiwa kuwabatiza waliokubali, kisha wakatundikwa. Chabruma, nkosi mwingine wa Wangoni, hakuwemo, alikuwa amevuka kuelekea Msumbiji, akafia huko.

La pili ni dogo na liko peke yake. Ni la Nduna, yaani mkuu wa vita, Songea Mbano, aliyeupa mji huu jina. Alijificha kwa muda katika pango la Chandamali, kisha akapatikana. Wenyeji wanasimulia kwamba Wajerumani hawakuwa na haraka ya kumwua, walidhani atawafaa, naye akasema hawezi kubaki hai wenzake wakiwa chini. Wakamnyonga baada yao, wakamzika kando, na kichwa hakimo. Kilipelekwa Ujerumani, kama vilivyopelekwa vichwa vingi vya watu wetu. Fuvu linalotajwa kuwa la Mkwawa wa Uhehe lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, na hilo lilikuwa limeandikwa hadi katika Mkataba wa Versailles. La Songea halijarudi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama hapa hapa, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea babu zao, na akaahidi kusaidia kulitafuta.

Nilisimama mbele ya kaburi lile kwa muda nisioweza kusema ni dakika ngapi. Mtu anaombwa msamaha na bado anaombwa kusubiri. Ukoo unajua mwili uko wapi na haujui kichwa kiko kabatini mwa nani, kimeandikwa namba gani. Nafikiri hilo haliwezi kuitwa historia bado, kwa sababu halijaisha.

Watu walipopungua nikarudi kwenye mnara wa kaburi la pamoja, yalikoandikwa majina. Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda tangu Jumamosi nilipoizunguka sanamu ya Dar es Salaam nikitafuta jina. Nikamkuta msichana wa kidato cha kwanza amepiga magoti, daftari juu ya paja, ananakili. Mwalimu wao amewapa kazi ya kuyaandika yote. Kalamu yake ilikuwa imekwisha wino na alikuwa akiipuliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chukua hii."

Tukagawana kazi. Mimi nasoma, yeye anaandika, kwa sababu macho yangu yanaona mbali na yeye ana mkono mwepesi. Nilisoma polepole, kama nilivyokuwa nikiita mahudhurio asubuhi: Gama, Mbano, Tawete, kila jina na ubini wake. Mengine yalimshinda kuandika, nikamtajia herufi moja moja. Pale penye ukoo unaofanana na wa rafiki yake darasani alisita, akaniangalia, akaandika.

Tulipomaliza akahesabu mistari yake. Nami nikahesabu ya ukutani kwa kidole. Hesabu zetu zilipishana kwa moja.

Akasema labda tuache tu, mwalimu hatahesabu. Basi la wenzake lilikuwa limeanza kupiga honi getini. Nikamwambia nenda kamwombe dereva dakika tano, mwambie kuna mtu tumemruka. Akakimbia, akarudi anahema, akapiga magoti tena, nikaweka kidole kwenye jina la kwanza.